Filta ya Pili ya Fundi Bartholomayo

Mwaka ule soko lilikuwa huria kiasi kwamba kila mtu alikuwa na kitu cha kumuuzia mwenzake, isipokuwa Bartholomayo wa Lukuledi. Yeye alikuwa na ulimi, na suruali moja iliyopigwa pasi. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai pale Chiungutwa, anawaza deni la chai ile atamsukumia nani, aliposikia gari linakohoa.

Ilikuwa pikapu ya Bwanali, mfanyabiashara wa Newala. Ilikohoa mara tatu, ikanyamaza. Bwanali akashuka, akafungua boneti, akang'oa mpira wa mafuta na kuupuliza kwa mdomo, mashavu yamemvimba kama mpiga tarumbeta wa kanisani. Barabara nzima ikanukia maandazi.

"Shikamoo, mzee," Bartholomayo alisogea. "Mafuta ya mbono hayo?"

"Marahaba. Sasa nani asiyeyatumia? Dizeli ya kituoni tumewaachia wafadhili."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbono tuliouzoea ukipandwa makaburini, wageni walikuja wakasema mbegu zake ni dizeli. Mashine ya kukamua ikasimikwa Newala, mafuta yakauzwa nusu ya bei, na magari yote ya uwandani, huku juu mlimani, yakaanza kuendeshwa kwa mti wa marehemu.

"Mafuta haya yanaosha, mzee wangu," Bartholomayo alisema kwa upole wa katekista. "Tangi lako lina uchafu wa miaka ishirini. Yanaubandua wote na kuusukumia filta moja, maskini, iko peke yake. Gari la mbono linataka filta mbili. Ya kwanza ipokee uchafu, ya pili ilinde pampu."

Tumtendee haki: kila neno lilikuwa kweli. Alilisikia kwa fundi mmoja wa Mtwara, fundi halisi, kabla hajatoweka na spana za fundi huyo. Uongo wa Bartholomayo ulikuwa bado haujatengenezwa.

Aliutengeneza wiki iliyofuata. Makopo ya maziwa ya unga, vibomba viwili vya shaba kwa kila kopo, rangi nyeusi, karatasi iliyoandikwa "Ujerumani", na ndani yake vipande vya sponji la godoro. Godoro lilikuwa lake mwenyewe. Biashara kubwa inataka kujitoa.

Newala walimpokea kama daktari. Korosho zilikuwa zimeshaanguka lakini mnada haujafunguliwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na fedha mkononi. Bartholomayo hakukasirika. Alikubali korosho: filta moja, gunia moja, na jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa rangi, kama ilivyo desturi ya kupeleka chama cha ushirika.

"Gunia zima?" Bwanali alilia. "Nipunguzie, fundi. Mimi ndiye niliyekupa wazo."

"Kwako wewe nitaongeza klipu mbili bure."

Bwanali, aliyependa cha bure kuliko afya, akaenda kuleta gunia.

"Siku saba msiiguse," Bartholomayo aliwaagiza wote. "Inazoea mafuta." Siku saba ndizo alizohesabu sponji litavumilia kabla ya kuvimba na kumeguka. Yeye angekuwa mbali siku ya tano.

Kwenye nyumba ya mwisho alikuta Landrova kuukuu iliyobeba mapipa ya maji. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, alikuwa anamimina mafuta ya mbono tangini kupitia kanga iliyokunjwa mara nne.

"Mwenye gari yuko wapi, dada?"

"Unaongea naye," alisema. Aliitwa Winfrida, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Isabela. Gari aliachiwa na baba yake, pamoja na ujuzi wa kuliendesha. Kila asubuhi aliteremka bondeni kuchota maji, akayapandisha Newala, ambako maji yana wivu na hayapandi yenyewe. Gari hilo likifa, Isabela hali. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo.

Akaligeuza kopo jeusi mikononi. "Linafunguliwa wapi?"

"Halifunguliwi, mama. Teknolojia."

"Sasa linafuliwaje?"

Bartholomayo akacheka. Hakuwa mtu wa uwandani. Hakujua kwamba huku, ambako kila tone limetoka mbali, mtoto wa kike anajifunza kufua kitambaa cha kuchujia maji kabla hajajifunza kusuka. Chujio lisilofulika, kwa mwanamke wa Newala, ni mfuniko tu.

"Niachie nilijaribu," alisema Winfrida. "Nitalifunga mwenyewe. Gunia utapata ukiondoka."

Fundi alipopiga kona, Winfrida akachukua msumeno wa baba yake. Sponji lilimtazama, la buluu, na unywele mmoja juu yake.

Alikimbia kwa Bwanali. "Baba, fungua filta yako uone."

"Siku saba!" Bwanali alimaka. "Unataka niharibu kitu cha Ujerumani? Mama Isabela, wivu wa biashara si mzuri."

Akarudi nyumbani, akakaa kizingitini, akamnyonyesha mtoto. Akipiga kelele, fundi atakimbia na magunia usiku huohuo. Akinyamaza, magari yatakufa mlimani na jirani zake watabaki na makopo. Mtoto aliposhiba, mama naye alikuwa amepata jibu.

Siku ya tano Bartholomayo akatafuta gari la kumpeleka Masasi na magunia yake. Magari yalikuwepo, lakini yote yalikuwa na filta zake, na yeye hakuwa mjinga wa kupanda gari la namna hiyo. Landrova ya Mama Isabela pekee ndiyo iliyokuwa inanguruma safi, na kopo lake, alivyodhani, lilikuwa bado halijafungwa.

"Nitakupeleka, fundi," alisema Winfrida. "Kwa ajili ya wema wako."

Wakaanza kuteremka mlima, Bartholomayo akiimba. Katikati ya kona, mkono wa Winfrida ukashuka chini ya kiti, kwenye koki ya mafuta, ukaizungusha. Landrova ikavuta pumzi mbili, ikazimika pembezoni.

"Ajabu!" alisema. "Na jana tu nimefunga ile filta yako."

Wimbo ukamkauka Bartholomayo. "Umeifunga?"

"Kama ulivyoagiza. Hebu ifungue uitazame, fundi."

Hakufungua hata boneti. Newala nzima, hakuna aliyekuwa na imani kamili na filta ile kama yeye: alijua kabisa kilichotokea, sponji limemeguka kabla ya siku zake. Akatazama nyuma. Wakati wowote pikapu ya Bwanali ingetokea inakohoa.

"Imejaa tu, mama. Inataka mpya. Nenda Masasi ukanunue, mimi nalinda mzigo."

"Na mtoto huyu mgongoni? Na breki hizi, ambazo zinanisikiliza mimi peke yangu?"

Bartholomayo akafikiri. Akateremka kwa miguu hadi Chiungutwa, akakodi baiskeli hadi Masasi, na kwa fedha yake ya mwisho akanunua filta ya dizeli ya kweli, na kikombe chake cha chuma, wavu ndani, na risiti ya dukani. Ilikuwa bidhaa halali ya kwanza maishani mwake.

Aliporudi mlimani kesho yake hakukuta gari, wala gunia. Winfrida alikuwa amefungua koki, akatoa upepo kwenye mpira wa mafuta kwa spana, akawasha, akageuza kurudi Newala. Magunia yalikuwa na majina. Kila moja likashuka mlangoni kwa mwenyewe, na kila mwenye gunia akampimia debe la asante. Bwanali alisema asante yake ni ya mdomo.

"Basi nitakutajia gunia lako kwa mdomo," alisema Winfrida, na debe likaja.

Bartholomayo akapanda mlima uliobaki kwa miguu, akifuata magunia yake, na jua la uwandani halina urafiki. Mchana akafika Newala, ulimi, mtaji wake wote, umegandamana na kaakaa. Mbele ya nyumba ya mwisho kulikuwa na pipa la maji na foleni. Kwenye foleni, Bwanali, spana mkono mmoja, kopo lake lililopasuliwa mkono wa pili.

"Maji," alinong'ona Bartholomayo.

Winfrida akachota. Alichotea kopo jeusi, limekatwa juu, limesuguliwa ndani hadi linang'aa, vibomba vyake viwili vimezibwa kwa nta. Ubavuni bado ilisomeka: Ujerumani.

"Sina hela, mama."

"Umeshika nini hicho?"

Akatazama filta ya kweli mkononi mwake. Akamtazama Bwanali. Akaitoa.

Winfrida akaigeuza, akakuta parafujo yake chini, akaifungua kwa vidole, akatabasamu. "Hii inafulika," alisema, akampa kopo. "Kunywa, fundi. Nimeyachuja mara mbili."