Kigeuza Sauti Kilichoniharibia Hotuba ya Harusi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa vya Nyumbani,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ni kinyozi, na msomaji wako tangu ukurasa huu ulipokuwa ukizungumzia pasi na majiko. Gazeti lako linasomwa kwenye benchi la saluni yangu mpaka herufi zinafutika. Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo mke wangu amenishauri niipunguze. Nimeipunguza, hii iliyobaki ni yako.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu, alituletea kikompyuta cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kazi yake ni kuhifadhi muziki wa nyumba nzima na kuupiga kwenye spika za sebuleni. Unachagua wimbo kwenye simu, chenyewe kinatii. Alihamishia humo kanda zetu zote za zamani, pamoja na ile ya harusi yetu, tukawa tunaishi raha mustarehe.

Ndipo ukaandika wewe. Uliandika kwamba ndani ya kikompyuta muziki ni tarakimu tupu, na kile kinachozigeuza kuwa sauti kimebanwa humo pamoja na makelele ya umeme. Ukashauri mtu mwenye masikio yake anunue kigeuza sauti cha nje, akichomeke pembeni, halafu, na haya ni maneno yako, “akae kimya asikilize tofauti.”

Nilikinunua. Nilikichomeka kwa mkono wangu, mimi ninayefungua na kufunga mashine za kunyolea kila siku. Kikawaka taa ya bluu. Nikakaa kimya kama ulivyoagiza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilianza na wimbo tulioupenda tangu ujana. Nimegundua kwamba mwimbaji alikuwa na mafua, na mpiga gitaa amekalia kiti kibovu kinacholia kila anapoegemea. Miaka yote hiyo nilimwona yule bwana amesimama. Nani alikutuma unikalishie mpiga gitaa wangu?

2. Kwenye wimbo wa pili kuna mtu anakohoa. Wateja nimekuwa nikiwaambia kuwa hiyo ni aina ya ngoma.

3. Sasa naja kwenye lenyewe. Siku ya harusi yetu nilitoa hotuba. Sijisifu, ila waliokuwepo wanaikumbuka, na wapo wanaodai kuwa haijaisha. Kaka yangu aliweka redio ya kurekodia kwenye meza ya bibi harusi, kwa kuwa soketi ilikuwa hapo. Basi kila tukipata wageni naipiga kanda hiyo, na mimi naisema hotuba pamoja nayo, neno kwa neno, nimesimama, mkono ukienda vilevile ulivyokwenda siku ile. Na pale inaposikika sauti ya mwanamke kwa mbali, nyuma ya maneno yangu, nimewaeleza watoto, wakwe na wapangaji kwamba huyo ni bibi harusi wangu analia kwa furaha.

Ndugu Mhariri, halii. Anaongea na shangazi yake. Katikati ya sehemu yangu nzuri kuliko zote, ile ya mume na mke kuwa pande mbili za mkasi, shangazi anauliza, “Mwanangu, huyu anamaliza saa ngapi?” Na bibi harusi wangu anajibu, “Hamalizi, shangazi. Nitamzoea.”

Nilizima. Nikamwita mke wangu kutoka jikoni, nikamrudishia kipande hicho asikie. Hakushtuka. Nikamwuliza kwa upole kama, baada ya watoto na wajukuu wote hawa, ameshanizoea. Akafikiri kidogo huku akijifuta mikono. “Bado,” akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

4. Tangu hapo nanyoa kimya. Mteja mmoja amenipa rambirambi. Mwingine alijipapasa masikio yote mawili, akidhani nimemkata moja na naogopa kumwambia. Nyumbani ndio usiseme: nikifungua mdomo namwona shangazi anatazama saa, naufunga. Nilijua maisha yangu yote kwamba nilipendwa kwa ajili ya ulimi huu. Kumbe nilipendwa, ulimi ukavumiliwa. Inauma, sitakuficha.

5. Mkwe wangu sasa anataka kujua kama binti yetu naye alisema lolote kwenye harusi yao. Rekodi yao imo humo humo kwenye kikompyuta. Nimeificha simu ya kukiamrishia ndani ya taulo za saluni, lakini sijui nitaificha mpaka lini. Umeanza na ndoa yangu, unahamia kwa wanangu.

Kwa hiyo naomba, na ukikataa nadai: kila kigeuza sauti kiuzwe na onyo kama la sumu ya panya, kwamba kisisogezwe karibu na kanda za harusi. Wanandoa wanaokitaka walete kwanza ridhaa ya koo zote mbili. Wataalamu wako watengeneze kingine cha kurudisha ukungu, ambacho palipo na umbea kitatoa kilio cha furaha. Na wewe mwenyewe ufike kwangu, umevaa suti, umweleze mke wangu kwamba kifaa kina hitilafu na hakusema alichosema. Usipofika, benchi langu litahamia gazeti la wenzako, ambao mpaka leo wanaandika habari za majiko. Sijasikia ndoa iliyotikiswa na jiko.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia mhasibu hadi anayefagia, na mchora katuni mwambie kisogo chake pichani kinahitaji mkono wangu. Mke wangu anakusalimu. Shangazi bado yu hai, naye anakusalimu kwa ufupi.

Ni mimi, niliyeathirika na ushauri wako,
Kinyozi wa Kona

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha mkwe wangu alipopita kunijulia hali. Aliinama nyuma ya kabati la spika, akakaa huko kitambo, kisha akaniita “Baba” kwa sauti anayoitiwa mgonjwa. Waya wa spika haujawahi kutoka kwenye kikompyuta. Kigeuza sauti chako kinakula umeme na kuwaka taa ya bluu, basi. Hakuna wimbo uliowahi kupita humo. Sauti niliyoisikia ni ile ile ya siku zote. Nikamwuliza mke wangu, sasa tofauti ilitoka wapi?

“Siku hiyo ulinyamaza,” akasema.

Nimefuta madai yote, isipokuwa la kile kisogo. Tumeisikiliza kanda upya, mimi na yeye, nimejiziba mdomo kwa kiganja, na safari hii sikuzima. Baada ya “nitamzoea”, shangazi anauliza, “Na usipomzoea?” Bibi harusi anacheka, kicheko ambacho miaka yote nimekiita kilio, halafu anasema, “Akinyamaza ndipo nitaogopa.”

Mke wangu akakizima kikompyuta, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. “Haya,” akasema, “ianze hotuba.” Samahani, Ndugu Mhariri, siwezi kuendelea na barua. Nasubiriwa.