Chanjo ya Wasiofika Arobaini na Tano

Bango lilikuwa ukutani mwa zahanati, na Dishon, aliyeingia humo kukimbia mvua, alilisoma kwa umakini wa mtu anayesomewa wosia. Chanjo ya HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi: hadi miaka ishirini na sita, chanjwa. Hadi arobaini na tano, zungumza na daktari kwanza. Zaidi ya hapo, kwa kawaida haitolewi.

Wengine waliona ugonjwa. Dishon aliona akina mama matajiri wa mtaa wa Milimani na siku zao za kuzaliwa.

Jumamosi alikuwa sebuleni kwa Mama Lorine, mbele ya wageni wake, koti jeupe mwilini, chupa zake ndani ya sanduku la barafu aliloazima kwa wavuvi wa Dunga, ufuoni mwa ziwa. Sanduku lilikuwa bado linanuka omena, wale dagaa wa ziwani.

"Nafikiri mimi nimepita umri, Daktari," alisema Mama Lorine, bibi wa wajukuu wanne.

Dishon alimtazama kwa huzuni ya kitaalamu. "Mama, nikikuandika zaidi ya arobaini na mbili, nitafutwa kazi."

Kuanzia hapo, kukataa chanjo kukawa ni kukiri uzee. Wageni walishindana kutia noti kwenye kiondo alichoshika Lorine, kitinda mimba aliyemaliza chuo Maseno juzijuzi.

"Na mimi, Daktari? Si umri wangu ndio wenyewe?"

"Wewe bado mtoto," mama yake alimkatiza. "Shika kiondo."

Sindano ilipojazwa, Mama Lorine alisita. "Wanaume pia wanachanjwa?"

"Hata wanaume."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na nne."

"Basi anza wewe, tuone."

Dishon aliitazama sindano. Maji yale aliyachota ziwani mwenyewe, pale wanapooshea pikipiki.

"Kusema kweli," alisema polepole, "nina hamsini na tatu."

Mama Lorine alimsogelea, akamkagua shavu.

"Hamsini na tatu? Bwana, unapaka nini?"

Chanjo ikasahaulika papo hapo. "Mafuta ya samaki, mbuta," alijibu Dishon, jicho kwenye sanduku la samaki. "Nikienda Dunga sasa hivi, jioni mtajipaka."

Alipewa kiondo kwa baraka zote, akanunue mafuta. Lorine mwenyewe alikifunga mdomo kwa leso, akamtakia safari njema.

Alipofika Dunga, Dishon alifungua leso. Hakukuwa na noti hata moja. Omena kavu, tele, kutoka jikoni kwa Mama Lorine.

Hospitalini, muuguzi alikuwa akimwuliza Lorine, "Ni dozi tatu. Zote unalipa mwenyewe?"

"Mama zangu wamenichangia."

"Umri?"

"Ishirini na nne," alisema Lorine, akawa mtu wa pili siku hiyo kutaja umri wake wa kweli.