Mizinga Midogo Iliyotangazwa Kuwa Salama

Wananchi wote wa wilaya walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, kila mzinga wa shaba usiozidi urefu wa mkono wa mtu mzima ulikuwa salama. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu. Wa nne ulikosa nafasi, ukapigwa nyuma ya karatasi.

Aliyetia saini ni Pak Wiryanto, Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Mizinga Midogo, na juma zima lililofuata hakuna mtu aliyeumia. Kweli, hata juma lililotangulia hakuna aliyeumia, wala miaka sitini nyuma yake. Lakini ile ilikuwa bahati tu. Hii sasa ilikuwa sera.

Mizinga yenyewe ilitengenezwa Kedungwangi, kijiji cha wafua shaba, na mkubwa wao alikuwa Mbah Painten, bibi wa miaka sabini na mmoja mwenye mikono iliyoungua mpaka ikazoea. Alikuwa akitengeneza mifano ya mizinga ya merikebu za wafalme wa kale, ile inayoshindiliwa kwa nyuma. Baruti haitiwi mdomoni. Inatiwa kwenye kopo la shaba lenye mkono kama kopo la chai, kopo linakalishwa kwenye tako la mzinga, linakazwa kwa kabari ya chuma. Harusi ikija, mzinga unalia dum! mara moja, kuku wanatawanyika, bi harusi anacheka, basi.

Mwaka ule wilaya ilikuwa inaadhimisha kuanzishwa kwake, Gavana wa jimbo alikuwa anakuja, na mizinga saba ingempigia saluti. Pak Wiryanto alikuwa anautaka ukuu wa idara huko jimboni. Aliutaka sana. Mkewe alikwisha kuwaaga majirani, na mmoja wao alikwisha kulia. Kwa hiyo saluti isingeweza kuachwa mikononi mwa watu wanaojua kupiga mizinga tu.

Kamati ilikaa vikao kumi na vinne. Vitatu vya kwanza vilijadili mbele ya mzinga ni wapi. Cha nne akaitwa Mbah Painten, kama mdau.

"Mbah, kwa uzoefu wako," Pak Wiryanto alimuuliza, "hatari ya mzinga iko upande gani?"

"Mbele unamuua adui, mwanangu. Nyuma unakuua wewe."

Kumbukumbu za kikao zikaandikwa: mdau ana mtazamo hasi. Kisha ikapigwa kura, na kwa kura tisa dhidi ya mbili hatari ikawekwa mbele.

Makopo yote saba yakachukuliwa kwenda kuchunguzwa. Miezi miwili ikapita kimya. Mbah Painten akajifunga kilemba, akaenda ofisini mwenyewe. Alimkuta Pak Wiryanto mezani na sahani ya tempe, vipande vya soya vya kukaanga, na mkononi ameshika kopo linalotoa moshi.

"Pak, hilo unalonywea ni la mzinga wangu wa tatu."

"Tunachunguza uvumilivu wa joto, Mbah."

"Mmeona nini?"

"Chai inapoa upesi." Akamgeukia katibu wake. "Bu Retnani, liandike hilo."

"Nimeshaliandika, Pak," Bu Retnani akajibu, naye akanywa kutoka kopo la mzinga wa tano.

Makopo yalirudi, yananukia asumini, yamechongwa namba mpya. Namba hazikufuata mizinga. Zilifuata vyeo vya wajumbe waliokuwa wakiyanywea. Mbah Painten akaitwa ofisini kuyapokea, akayageuza moja moja, akayagonga kwa ukucha, akaguna.

"Pak, kila kopo lina mzinga wake, kama mguu na kiatu. Kila moja nimelipiga tupa siku tatu mpaka likae hata unywele usipite. Haya mmeyachanganya kama viatu vya msikitini."

"Hatujachanganya, Mbah. Tumeleta usawa. Kopo lolote, mzinga wowote. Ubaguzi umekwisha."

"Na likichezacheza?"

"Kanuni ya nane: palipolegea pajazwe kitambaa chenye rangi za wilaya."

"Cha pamba au cha hariri?"

"Kamati ndogo inalishughulikia."

Mbah Painten akacheka mpaka akajishika kiuno. Alipomaliza kucheka akasema, "Mie siwashi. Moto utatokea huku nyuma, umchome mtoto wa watu."

Pak Wiryanto alisikitika kama mtu aliyefundishwa kusikitika. Akaeleza kwamba asiyewasha anahujumu sherehe, na karakana ya mhujumu hufungwa kwa kufuli la serikali. Tena asijisumbue kuwaza. Siku hizi mbunifu rasmi wa mizinga ni Kamati. Yeye Mbah ni mtekelezaji.

"Mbunifu ni nyinyi?"

"Ni sisi. Na mimi ndiye mwenyekiti."

"Niandikie basi, mwanangu. Uzee huu, nasahau."

Hakuna kitu alichokipenda Pak Wiryanto kuliko kuandikiwa kitu, isipokuwa kukiandika. Karatasi ikatoka palepale, na mihuri yote minne, safari hii upande mmoja.

Siku ya sherehe mizinga saba ilipangwa ikielekea mashamba ya mpunga. Gavana alifika na miwani myeusi, akakaribishwa, akashiba hotuba. Vitambaa vya kijani na njano vilikuwa vimetokeza kila upande wa makopo kama soksi zilizochanika. Mbah Painten alikuwa amevaa kebaya, blauzi yake nzuri ya sherehe, kijiti cha moto mkononi. Kabla ya kuwasha akachukua kigoda, akakiweka nyuma kabisa ya mzinga wa kwanza, hatua moja tu kutoka kwenye kopo.

"Mama, hicho cha nini?" Gavana aliuliza.

"Desturi yetu wafua shaba, Mheshimiwa. Mzinga ukilia mara ya kwanza, aliyeubuni anakaa hapa. Baba alikaa amenipakata. Nami nimekaa na mimba mara tatu."

"Mnao ushujaa!"

"Ushujaa gani, baba? Ni ili mtu akishika tupa, apige tupa sawasawa."

Gavana alifurahi, maana alipenda mila kila zilipokuwa na watazamaji. "Haya, Mama, kaa tuone!"

"Aa, si changu tena." Akatoa karatasi kifuani, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Mwenyewe yule pale, amevaa batiki mpya."

Gavana akaisoma kwa kipaza sauti mpaka muhuri wa mwisho. Watu wakapiga makofi. Pak Wiryanto naye akapiga, mpaka alipoona wote wanamtazama yeye.

"Mheshimiwa," akasema, "ubunifu ule ulikuwa wa pamoja." Akageuka kuitafuta Kamati. Wajumbe walikuwa wanaangalia mawingu. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba mkewe anajifungua, na mkewe alikuwa amekaa pembeni yake anakula karanga.

"Mie nilikuwa naandika tu," Bu Retnani alinong'ona.

Pak Wiryanto akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Mbele ya pua yake kopo lililokuwa lake la chai lilikuwa limekaa upande kama mlevi. Mbah Painten akainama na kile kijiti cha moto, akamuuliza kwa upole, kama mtu na mwanawe:

"Kamati ndogo iliamua nini, Pak? Pamba au hariri?"

"Ngoja."

"Gavana anangoja, mwanangu. Moja, mbili..."

"Ngoja, Mbah, nakuomba! Kanuni ya nane imefutwa!"

"Na ya saba, ya kuchanganya makopo?"

"Imefutwa!"

"Na ile ya mbunifu?"

"Zote! Zote zimefutwa! Mbunifu ni wewe, alikuwa wewe, na baba yako!"

Kamati iliyotunga kanuni kumi na nne kwa miezi minane ilizifuta kwa dakika moja. Wilaya haijawahi kuona ufanisi wa namna ile.

Mbah Painten akang'oa vitambaa, akayapanga upya makopo kwa kuyapapasa tu, kila moja mzingani mwake, akazikaza kabari kwa nyundo. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono ya kebaya, akawasha. Mizinga saba ikalia mmoja baada ya mwingine, moshi wote ukaenda mpungani, hata kilemba chake hakikutikisika. Karakana haikufungwa. Siku ile ile ilipata maombi ya harusi tisa.

Gavana alirudi jimboni akiwa kimya, na gavana akinyamaza ni hatari. Jumatatu ikatoka amri: kila anayetia saini kitu, akae nacho siku ya kwanza kinapotumika. Ikaundwa idara mpya kusimamia amri hiyo, na mkuu wake, kwa uzoefu wake usio na mfano, akateuliwa Pak Wiryanto. Kazi yake ni kukaa pamoja na mwenye saini, bega kwa bega, ili asitoroke.

Mkewe akahama kwa shangwe. Kalamu zote jimboni zikakauka. Watu wakaona wakubwa wakisoma karatasi kabla ya kuziwekea mhuri, wengine wakisogeza midomo.

Alhamisi Pak Wiryanto alianza kazi. Alikuwa ameketi chini ya daraja jipya, maji yakimfika kwenye vifundo, na kulia kwake ameketi mhandisi aliyelipitisha. Walikuwa wanasali kwa sauti. Lori la kwanza la mchanga lilipotokea kwenye kona, mhandisi aliruka juu, akatoka mbio ukingoni akipunga mikono yote miwili.

"Dereva, simama! Simama! Kuna nondo za daraja ziko nyumbani kwangu!"