Shujaa Asiyetajwa wa Reli ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Nusura niue mtu, lakini sikuua. Nilikuwa peke yangu reli ya tatu, naegesha mabehewa ya saruji. Kengele ya chai ikalia. Nikatoka mbio. Breki ya mkono ya behewa la mwisho? Sikuikumbuka hata kidogo! Nageuka, kikombe mkononi, behewa linaondoka! Taratibu, kama mgeni anayeogopa kuaga. Mbele yake kivuko, na kivukoni mama mmoja kajitwika beseni, hana habari. Mimi nikatafuta kwanza pa kuweka kikombe. Aliyefika ni Kinyonga, mwenzangu wa yadi, tuliyembandika jina hilo kwa mwendo wake. Kinyonga kakimbia, jamani! Kasukumia kabari chini ya gurudumu, behewa likasimama. Mama akapita zake.

Kinyonga kaniambia nipige ile simu ya siri ya usalama. Anayejiripoti mwenyewe haadhibiwi, na jina lake halitajwi. Anajifanya mwema! Ijumaa mkuu wa stesheni anamteua msimamizi mpya wa yadi, na tunaofikiriwa ni sisi wawili tu. Ananichimbia kaburi huyu, namjua.

Jumanne, 5 Machi

Sikulala. Mke wangu kasema nipige, maana yule wa beseni angeweza kuwa mama yangu mzazi. Nimepiga! Nilijifungia bafuni, bomba wazi, pua nimeibana. Kapokea dada mmoja mpole. Anasikiliza, jamani! Humu ndani sijawahi kusikilizwa hivyo. Nikanogewa. Nikamwambia breki ilisahauliwa na mfanyakazi mmoja, na kabari iliwekwa na mfanyakazi mwingine, jasiri, wa mabega mapana. Huyo wa mabega ni mimi. Akauliza jasiri huyo aliwezaje kuwahi. Nikasema ana mbio tangu utotoni. Kanishukuru sana, kaahidi jina langu halitamfikia yeyote, hata mkuu wa stesheni.

Alhamisi, 7 Machi

Loh! Loh! Loh! Asubuhi mkuu katukusanya wote. Makao makuu yametoa agizo kwa stesheni zote: kuna mahali, hapatajwi, behewa lilikaribia kuleta maafa. Kuanzia leo behewa likiegeshwa, breki na kabari, vyote viwili, reli nzima! Kwa sababu yangu! Mkuu akasema tumpigie makofi mfanyakazi yule asiyejulikana aliyepiga simu. Watu wakapiga. Nami nikapiga! Nimejishangilia mwenyewe kama mtu baki, uchungu ulioje! Dereva mmoja mzee, tunamwita Babu Honi, kasema mtu huyo anastahili nishani. Kinyonga anaangalia viatu vyake tu. Ningekuwa yeye ningepasuka.

Nyumbani mke wangu kasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimemwambia chema kikifungiwa kabatini nani atakinunua? Kaenda kulala.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi. Leo ndiyo leo! Uteuzi ni baada ya chai, kwa hiyo natangaza kwenye chai. Nimevaa shati la harusi. Usimamizi ni wangu, naunusa!

Jioni. Nilipanda juu ya benchi. Nikasema shujaa asiyetajwa, aliyeweka kabari na kupiga simu, ni huyu hapa! Shangwe! Babu Honi kanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Nikapunga mkono. Raha niliyoisikia sitaisahau! Mkuu akanipongeza, akauliza ilikuwa reli ipi. Ya tatu! Lini? Jumatatu, wakati wa chai! Akauliza, kwa upole vilevile, nani alikuwa zamu ya kufunga breki reli ya tatu siku hiyo. Nikashuka benchi. Watu wote wakageukia ubao wa zamu, na ubaoni nipo peke yangu.

Mkuu akamuuliza Kinyonga alikuwa wapi. Kasema hakumbuki vizuri. Mwongo! Ananifichia ili nione aibu zaidi. Lakini fundi mmoja wa taa za reli akadakia kwamba Jumatatu yeye alimwona Kinyonga akikimbia na kabari, na jambo kama hilo mtu huwasimulia wajukuu.

Nikaitwa ofisini. Mkuu kasema sifukuzwi, kwa kuwa nilipiga simu mwenyewe. Angeyajua haya bila ile simu, leo ningefungasha virago. Usimamizi kapewa Kinyonga. Na kila breki nitakayofunga, yeye ataikagua nyuma yangu, kwa mwendo wake ule! Mdomo umeniponza kichwa. Kinyonga kaninunulia chai, nimeinywa kwa hasira.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaza, na nimegundua! Simu ni ya siri. Sasa mkuu kajuaje? Siri yangu imevuja! Nikampigia yule dada palepale, nikaripoti tukio jipya. Kauliza kama kuna ninayemshuku. Nikasema bado, ila ni mtu wa ndani kabisa, anayelijua jambo lote tangu mwanzo, na mdomo wake hauna breki. Kisha akasema taratibu kwamba huenda mtu huyo namfahamu vizuri. Nami nahisi hivyo hivyo! Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitamnasa. Kesho kwenye chai nawasimulia wote kisa kizima, bila kuacha kitu, na atakayecheka, ndiye.