Nusu Kidonge kwa Mtu Mzima

Jumatatu, 3 Machi
Leo miezi kumi na minne na siku tano tangu niage nyumbani. Kipandauso kimenikamata juu ya jukwaa, ghorofa ya tatu, karai la zege begani. Nikaona vimulimuli, kisha matofali mawili palipo na moja. Nimeteremka kwa makalio kama mtoto. Nyapara hakufoka. Alisema kwa upole, na upole ndio ulionitisha, kwamba nikikosa kazi siku tatu mwezi huu atatafuta mwingine. Jukwaa hilo ndilo linalosomesha wanangu wawili!

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Daktari ni mama mfupi, macho yake yanakupekua mpaka mifukoni. Aliuliza maswali ishirini, hata maji nakunywa kiasi gani. Sijawahi kusikilizwa hivyo. Kasema ipo dawa ya kila siku. Haitulizi maumivu, inayazuia yasije. Nikafurahi. Kisha akanipa NUSU kidonge! Kila jioni, wiki mbili, halafu tutazame. Mtu mzima, mbeba zege! Kanipa na kadi ya mwezi, nitie msalaba kila siku kichwa kinapouma.

Jumatano, 5 Machi
Mchomeleaji ninayelala naye chumba kimoja, tunamwita Miwani, naye ana kipandauso. Anameza viwili. Vizima! Kuniuliza dozi yangu, akacheka mpaka kitanda kikalia. Ati nusu ni ya watoto na wanaojifunza kazi. Hapa kila kitu ni kwa cheo: kofia, zamu, hata foleni ya chai. Sikujua na magonjwa yana vyeo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejipandisha cheo. Jioni hii viwili.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi siikumbuki. Kinywa kikavu kama mfuko wa saruji. Inasemekana nilisinzia wima kando ya mashine ya zege, koleo mkononi, nikaikoromea mashine mpaka ikaona aibu. Miwani alinishika kwapani, akanilaza stoo, akamwambia nyapara naihesabu misumari. Mpinzani, lakini muungwana! Jioni kakiri kwamba yeye pia alianza na nusu, na kufika viwili kulimchukua miezi mitano. Juzi alilisahau hilo.

Jumapili, 16 Machi
Nimerudi kwenye nusu, kwa shingo upande. Jumatano na Ijumaa kichwa kimenilaza mchana kutwa, shuka usoni. Siku mbili zimeliwa. Imebaki moja tu, kisha kwaheri jukwaa. Lazima dozi ipande. Nimepata njia: kadi ikijaa misalaba, daktari atafanyaje? Nimeijaza yote. Dakika tano.

Jumanne, 18 Machi
Daktari aliitazama kadi. Akaniuliza, kwa adabu ya kuua mtu, kama tarehe thelathini nayo imeshaniuma. Nikamweleza: kazini kwetu mahudhurio ya wiki nzima tunatia sahihi Jumatatu, karani asisumbuke. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nikakiri na vile viwili. Hapo hakucheka. Alinipima mapigo ya moyo, muda mrefu.

Kisha akauliza zege hukorogwaje. Maji kidogo kidogo, nikamwambia. Na ukizidisha maji, baba? Akadhani kanishika. Nikajibu naongeza saruji. Akasema kichwa changu hakina mfuko wa pili wa saruji. Mama yule! Angekuwa fundi mkuu, jengo letu lingekuwa limeshaezekwa. Akatoa kadi mpya, tukazikumbuka siku za kweli, moja moja. Akanipandisha hadi kidonge kimoja. Nimetoka kifua mbele.

Jumatatu, 31 Machi
Wiki mbili, kimeuma mara moja tu, na zamu nimeimaliza. Siku ya tatu haikuliwa! Nyapara kapita chini ya jukwaa, katazama juu, kauliza: bado upo? Kwake hiyo ni sifa. Sijawahi kuona mtu anayeweza kunitisha na kunitia moyo kwa maneno mawili.

Jumanne, 29 Aprili
Siku ishirini na tatu bila kipandauso! Daktari kasema kidonge kimoja na nusu, alichonipandishia mwanzoni mwa mwezi, ndiyo dozi yangu. Ya Miwani ni ya Miwani. Niendelee hivyo miezi sita bila kuruka, kisha tushuke taratibu kama tulivyopanda. Dawa hii kwetu haipatikani, kwa hiyo kabla ya hapo nisiondoke. Kaandika yote kwenye karatasi, kapiga mistari miwili chini. Mwanamke huyu ni hazina. Nimemwombea dua.

Sasa hesabu. Kimoja na nusu kwa siku, miezi sita. Nikimeza vitatu, dawa ile ile inaisha kwa miezi mitatu, nami nimepona mapema. Daktari ana wagonjwa wengi, maskini, hakupata nafasi ya kupiga hesabu. Nimempigia mke wangu simu: anitazamie Jumanne, tarehe 29 Julai, mchana.