Wimbo wa Tano Umegoma

"Sikilizeni msiba huu," alisema Injinia, gazeti amelifunua upana wake wote utadhani anaanika shuka. "Kompyuta mpya hazitakuwa na mlango wa sidii. Wenye viwanda wamechoka. Mwenye sidii zake akazitundike bustanini zifukuze ndege."

Tulikuwa kwenye benchi letu nje ya duka la Kinyozi, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Huyu Injinia hajawahi kukanyaga chuo chochote. Jina alilipata siku alipotengeneza feni ya Kinyozi kwa kijiko, na kijiko kimo humo humo hadi leo, tunaona aibu kukidai.

"Uongo mtupu," akasema Refa. "Hawawezi kufunga mlango wakati watu bado wako ndani."

Refa alichezesha mpira miaka mingi, akastaafu na tabia ya kuamulia watu kila kitu. Kabla ya mpira, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mwimbaji wa bendi. Hilo tumelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisimulia kwa niaba yake, pamoja na pale anapofumba macho. Bendi ilirekodi sidii moja, ikavunjika. Wimbo wa tano ndiye yeye. Tatizo ni kwamba kila ukipigwa, mwanzoni tu unaruka na kuangukia kwenye magitaa ya mwisho, kwa hiyo hapo benchini hakuna aliyewahi kuisikia sauti yenyewe.

"We endelea kubishana na gazeti," Kinyozi alipaza sauti kutoka ndani. "Sidii yako huku inakata roho!"

Tukainuka na vikombe vyetu. Kompyuta ya Kinyozi inakaa kati ya kioo na kopo la poda, na mtaa mzima ndiyo pekee iliyobaki na mlango wa sidii. Binti wa Refa anaolewa Jumamosi, na asubuhi ile ilikuwa ya Alhamisi. Bibi harusi ameomba kitu kimoja tu: aingie ukumbini kwa wimbo wa tano. Mpiga muziki wa ukumbi naye kasema anapokea flashi tu, sidii apelekewe nani. Ndiyo maana Kinyozi alikuwa anajaribu kuzihamisha nyimbo tangu alipofungua duka asubuhi.

"Wa kwanza mpaka wa nne, dakika moja moja," alieleza. "Umefika wa tano, ona."

Kwenye kioo cha kompyuta iliandikwa kasi: sifuri nukta moja. Muda uliobaki: saa kumi na moja.

"Masaa kumi na moja?" aliguta mteja aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kimenyolewa upande mmoja. "Mimi saa nne nina usaili!"

"Virusi," akasema Injinia, hata hajaweka kikombe chini.

"Virusi viwe vya wimbo wa tano tu?" nikamuuliza.

"Vinachagua. Vya siku hizi vimesoma." Akaizunguka kompyuta mara mbili. "Au umeme. Hiyo mashine ya kunyolea ndiyo inanyonya. Zima."

"Asizime!" mteja akashika kichwa.

Kinyozi akazima. Kasi haikupanda hata kidogo, na mteja akawa anajitazama kwenye kioo kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa.

"Basi umefungua vitu vingi," Injinia akaendelea. "Ona, karata hizi zinafanya nini hapa? Kompyuta haiwezi kucheza karata na kunakili muziki." Akazifunga.

"Nilikuwa nashinda!" Kinyozi akalalamika.

"Ulikuwa unacheza peke yako."

"Na bado nilikuwa nashinda."

Hapo Injinia akaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Kasi ikashuka ikawa sifuri kamili.

"Angalau imejibu," akasema.

Refa akakohoa. "Jamani, imeshindikana. Tusiitese mashine ya mwenzetu. Nitamwambia binti achague wimbo mwingine, nyimbo ziko tele."

Alisema kwa upole mpaka nikamgeukia. Mtu ambaye sauti yake pekee duniani inafia ndani ya kompyuta hatakiwi kuwa mtulivu namna ile. Nilitaka kumuuliza, lakini mlangoni alishaingia Mama Pindo.

Mama Pindo ni fundi cherehani wa mlango wa pili, na ndiye mke wa Refa. Dirisha lake linatazama benchi letu. Kila upuuzi tunaousema anausikia, na kwa miaka yote hajawahi kuchangia neno, anakanyaga cherehani yake tu. Asubuhi ile alikuwa na futi kamba shingoni na pini kifuani, gauni la bibi harusi kaliacha mezani.

"Mmefikia wapi?"

"Kompyuta imekufa, mama watoto," Refa akawahi.

"Haijafa, mama, inapumua," akasema mteja. "Mimi ndiye niliyekufa."

"Mmejaribu sidii nyingine?"

Injinia akatazama dari.

"Mimi uzi ukikatika-katika, kwanza nabadilisha kitambaa," akasema Mama Pindo. "Nikiona kingine kinashonwa vizuri, najua cherehani haina kosa."

"Hiyo ni cherehani, mama," Injinia akamwelimisha. "Hii ni kompyuta. Mambo yake ni ya ndani."

"Weka nyingine."

Kinyozi akachomoa ya Refa, akaweka yake mwenyewe. Mashine ikavuma, kasi ikapanda: kumi, kumi na sita, ishirini. Injinia akanywa kahawa iliyokwisha kikombeni.

Mama Pindo alikuwa ameshaigeuza sidii ya mumewe kwenye mwanga. Upande unaong'aa, mahali pamoja, palikuwa na doa la wino mweusi, nene, upana wa punje ya mchele.

"Hili nini?"

Sote tukamgeukia Refa.

"Alama," akasema. "Niliweka pale ninapoanza kuimba. Ili watu wasihangaike kutafuta."

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee! Hii kitu inasoma kwa mwanga, na inasoma upande huo huo! Umeiziba jicho! Ikifika hapo haioni, inarudia, haioni, inarudia. Ndiyo maana inatambaa!"

"Kumbe ulijua?" Kinyozi akamuuliza.

"Nilikuwa naelekea huko."

"Na ndiyo maana kwenye redio inaruka," nikasema. "Miaka yote tunalaumu redio za watu."

"Kinyozi, spiriti," akasema Mama Pindo. "Na pamba."

"Mama watoto, spiriti itakula sidii," Refa akasogea.

"Itakula wino."

"Ni kumbukumbu, tuiache tu..."

"Pamba."

Injinia akataka kusaidia, akaanza kusugua kwa kuzungusha kama anaosha sahani. Mama Pindo akampiga kofi la mkononi. "Usizungushe! Unachora mkwaruzo kwenye njia ya wimbo wenyewe. Toka katikati, nenda pembeni, moja kwa moja."

"Umejulia wapi hayo, mama?"

"Tuliambiwa studio."

"Mliambiwa nyie akina nani?"

Mama Pindo akamnyang'anya pamba. Alifuta taratibu, wino ukahamia kwenye pamba, kisha akairudisha sidii mwenyewe. Kasi ikaanza na moja. Nne. Kumi na mbili. Kabla mteja hajamaliza kuomba dua, wimbo wa tano ukawa umeingia kwenye flashi.

"Ee, nimekumbuka," Refa akasema, kofia mkononi, "kuna mtu nilimwahidi..."

Kinyozi akausukuma mlango kwa mguu. "Kaa, msanii. Leo ndiyo leo."

"Nimetoa nusu ya nywele kwa ajili yako, mzee," akasema mteja. "Huendi popote."

Kinyozi akabonyeza. Gitaa likaguswa mara mbili, halafu ikatoka sauti ya kijana, safi, inayojiamini, na hapakuwa na ubishi kwamba ni ya Refa:

"Moja! Mbili! Moja, mbili, tatu, nne!"

Halafu akaanza kuimba mwanamke.

Sitaki kuzunguka: sauti ile ilipanda bila kulazimishwa, ikakaa huko juu, ikashuka inapotaka yenyewe. Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mama Pindo alikuwa anakunja pamba yenye wino, midomo yake ikifuata maneno.

"Mzee," Injinia akanong'ona, "ulikuwa na sauti nyembamba sana."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Mama... ni wewe?"

"Sasa nani? Mwanangu kaomba aingie na sauti ya mama yake. Hakuomba magitaa."

"Na miaka yote unamsikia hapo benchini anavyojisifu!"

"Mwanamume akikosa cha kujisifia anaanza kununua mapikipiki. Nikaona huu uongo hauna gharama." Akamgeukia mumewe, tabasamu likapungua. "Ila wino sikuujua. Nilidhani sidii imechoka tu. Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba sitajisikia tena."

Refa aliigeuza-geuza kofia yake. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimejiandaa kumcheka.

"Zamani kila ukipigwa watu walikuwa wanauliza, nani huyu mwanamke," akasema. "Mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Nikaona wivu. Nisamehe, mama watoto."

Wimbo ukaisha. Kinyozi akaurudia bila kuambiwa.

"Jumamosi unakaa meza moja na wakwe," akasema Mama Pindo. "Ukipigwa watauliza nani anaimba. Utasemaje?"

Refa akavaa kofia, akainyoosha, akatulia kama anayepima kama mpira ulivuka mstari.

"Nitasema anaimba mke wangu."

"Haya," akasema Mama Pindo, akachukua flashi akaifungia kwenye kona ya khanga.

"Lakini," Refa akainua kidole, "nitasema pia kwamba nilianzisha mimi."