Ombi la Kurudishiwa Matone Matatu ya Mashua Yetu

Kwa Mjomba Adalbert,
Fundi wa malori na mwenye mashua,
Hapa hapa nyumbani, Lubumbashi.

Mjomba mpendwa,

Kwa heshima ile ile ninayokuwa nayo mezani, naomba usome malalamiko yangu. Jumapili uliniondoa katika kazi ya kutunza presse-étoupe ya mashua yako kule ziwani Kipopo, yaani pale shafti ya hélice, ile panga inayosukuma mashua, inapotokea chini ya mashua, ikizungukwa na kamba zenye grisi na kubanwa kwa nati mbili ili maji yasiingie ovyo. Kazi umempa binamu Paulin, kwa sababu ana mikono ya nguvu. Jumamosi mashua itambeba yaya Syntiche, dada yetu mkubwa, na bwana wake wakapigwe picha za harusi. Nataka niwemo kama mtunzaji, si kama mgeni.

1. Ulisema mbele ya watu wote, kwa mfano wa malori yako: "Camion yenye kuvuja haipite mupaka ya Kasumbalesa, na mashua ni vile vile. Nataka ikauke sawa mukate ya jana." Watu walicheka, hata mimi. Lakini kitabu cha mashua, nilichokisoma mara nne, kinasema presse-étoupe lazima idondoshe matone matatu kwa dakika. Maji hayo ndiyo yanayoipoza shafti. Yakikosekana, kamba huungua.

2. Paulin alikaza nati mpaka moshi ukatoka. Alipouona alisema, "Iko inapata moto, ni nguvu hiyo." Sina la kuongeza.

3. Matone matatu kwa dakika ni kama glasi moja kwa siku. Kuku wako wanakunywa zaidi, na hakuna anayewakaza nati.

4. Kwa hiyo naomba kadi za harusi ziandikwe kwamba mashua itavuja kidogo, kwa ajili ya afya yake. Naomba pia mtu yeyote mwenye spana asiikaribie kabla ya kusoma ukurasa wa 41 kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili. Paulin afanye mtihani wa maandishi. Niko tayari kuusahihisha bila upendeleo, ingawa ni binamu yangu.

5. Jana baada ya masomo nilikwenda Kipopo nikalegeza nati mwenyewe. Nilikaa na saa mkononi nikahesabu: matone matatu kamili. Tangu nianze humanités, yaani sekondari, sijawahi kupata jibu sahihi namna ile.

Wasalimie Mama Edith, yaya Syntiche, na mtoto Nono akiamka. Msalimie na Paulin, pamoja na mikono yake.

Ni mimi mpwa wako, mwenye adabu na ushahidi,
Delphine Mwenya

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipofungua ukurasa wa 42. Ukurasa huo unasema matone matatu huhesabiwa hélice ikizunguka; mashua ikipumzika, lisionekane hata moja. Mimi nilihesabu injini ikiwa imezimwa. Paulin amenipigia simu sasa hivi. Aliwasha injini ajaribu safari ya maharusi, maji yanaingia kama bomba lililopasuka, viatu vyake vinaelea, na anauliza kitabu kinasema nini. Nimeangalia. Kinasema aitwe fundi mwenye uzoefu. Hapa kwetu ni wewe, mjomba. Niko nje ya mlango wa garaji. Barua naipitisha chini yake kwa sababu naona haya kubisha. Ukitoka, beba spana, Paulin ameisahau. Ndoo ninayo.